Hatoki Mtu Bila Kuketi

Wajukuu wangu wakija kunitembelea huambiana getini, "Mkumbuke kuketi!" Nawasikia. Wanadhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Wakiingia, kila mmoja anashusha makalio kidogo kwenye kiti, anahesabu moja, mbili, kisha anaruka kwenda jikoni kufunua sufuria. Ati nyanya ana masharti. Ndiyo, ninayo, na sioni haya yoyote. Kwangu hatoki mtu bila kuketi, awe nani, na haraka yake iwe ya kitu gani.

Nina mengine pia, kwa nini niyafiche? Kikombe nikishakiosha nakifunika, mkono wake ukiangalia ukuta. Ukiangalia mlango, nitaamka hata kama nimeshalala nikaugeuze. Kufuli naivuta mara tatu. Nikiivuta mara mbili roho haitulii, na nikipitisha nikavuta mara nne, basi nimeharibu, lazima nifungue nianze upya. Chumvi sipokei mkononi mwa mtu. Iweke chini, nami nitaiokota. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka sana, eti yeye ni mtu wa reli, ana akili ya mashine. Lakini huyo mtu wa mashine hakuwahi kuvaa kiatu cha kulia kwanza akienda kazini, hata siku moja! Na akisahau mkebe wake wa chakula, hakurudi kuuchukua. Alisimama kule mbali akapiga mluzi mpaka nimpelekee, maana kwake kurudi nyumbani baada ya kutoka ni mkosi. Halafu mimi ndiye mshirikina. Wee!

Hili la kuketi ndilo watu hupenda niwasimulie, kwa sababu kuna mzungu ndani yake. Nitalisimulia, lakini nitaanza pale lilipoanzia, na hapo hapakuwa na mzungu.

Tulikuwa tukikaa Nakuru, miaka ya hamsini, kwenye zile nyumba ndefu za wafanyakazi wa reli tulizoziita landi. Mlango, dirisha, mlango, dirisha, mpaka milango kumi na miwili, kila mlango familia moja na chumba kimoja. Mfereji ulikuwa mmoja, nje, na jiko ulikoka barazani. Mume wangu alikuwa akifanya kazi loko, kule kwenye banda la injini, kazi yake kutia mafuta na grisi kwenye vyuma. Alirudi mweusi mpaka kope. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu magharibi kwa treni, msichana wa miaka kumi na tisa, nimebeba sanduku la mbao na maneno mengi ya nyanya yangu kichwani. Vumbi la Nakuru lilinishangaza kuliko treni. Miezi ya kiangazi liliinuka kule ziwani, jeupe, likaingia kwenye unga, kwenye nguo, hata kwenye meno. Nililipiga vita na sikulishinda, lakini nyumba yangu ilikuwa safi kuliko zote kumi na mbili. Hilo aliye hai wa wakati ule atakuambia.

Mtu wa kwanza kunionyesha mfereji ulipo alikuwa jirani wa mlango wa tatu kutoka kwangu. Yeye na mume wake walitoka sehemu zetu za magharibi, ingawa lugha zetu zilitofautiana kidogo, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili. Mume wake alisafiri na treni za mizigo, leo yuko Kisumu, kesho Nairobi. Mwanamke huyo alikuwa mrefu, mpole, wa kucheka kwa kufunika mdomo. Alinifundisha kununua makaa yasiyolowa maji na kumjua mwuza maziwa anayechanganya. Niliita nyumba yake kwangu, naye akaita yangu kwake.

Mwaka wa pili nikazaa mtoto wa kiume. Hapo ndipo mambo yaligeuka.

Mtoto alikuwa na wiki tatu. Asubuhi moja jirani yangu alikuja, akapiga hodi, akaingia hatua moja tu. Alitaka chumvi. Nilimwambia, "Keti basi, dada, umwone mtoto ameamka." Akasema hapana. Nikamvutia kigoda. Tulikuwa na kigoda kizuri cha mti wa mtarakwa, mume wangu alikinunua Elburgon kwa watu wa mashine za mbao. Akasema hapana tena, ana haraka. Alisimama pale karibu na mlango, mgongo kwenye ukuta, macho yake kwa mtoto, haketi, haongei. Nikampa chumvi yake, akaenda. Siku ya pili mtoto akaanza kukohoa. Siku ya nne tukamzika.

Daktari alisema ni homa ya mapafu. Sikumbishia, yeye ndiye aliyesoma. Lakini daktari hakuwa na mtoto wa kunirudishia, nami nilikuwa na miaka ishirini na maziwa yananitoka bila mtu wa kuyanyonya. Nikakaa chini, nikaanza kutafuta.

Kwetu kuna desturi moja. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta kuku amelalia mayai, lazima uketi, hata kidogo, kabla ya kutoka. Ukisimama tu ukaenda, mayai yataoza. Nyanya yangu aliishika sana. Mgeni mwenye haraka alishikwa mkono akakalishwa kwa nguvu. Hiyo ni habari ya kuku. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ni habari ya watoto. Hilo niliongeza mimi mwenyewe, na uchungu wangu. Nilipoliongeza nikaliona limekaa sawasawa, kana kwamba lilikuwapo tangu zamani. Mtu aliingia kwangu, akasimama, akaenda, na mtoto wangu akafa. Nilikuwa nimepata.

Jirani sikumwambia neno. Sikugombana naye. Niliacha tu kwenda kwake, na yeye akaacha kuja kwangu, nikaona hiyo ni dalili ya mtu anayejijua. Kwenye mfereji tulisalimiana, "Umeamkaje," "Nimeamka," basi. Miaka ikapita, hakupata mtoto. Mimi nikajiambia, ndiyo, jicho la mtu asiye na mtoto. Nasema vile nilivyofikiri. Sikuwa mtu mzuri wa kufikiri siku hizo.

Tangu hapo ndipo nikaanza kuwakalisha watu. Mwuza maziwa nilimkalisha, ndoo yake nje. Watoto wa majirani waliotumwa kuomba moto niliwakalisha. Mtu wa kupuliza dawa ya mbu alikuja na bomba lake mgongoni, akapuliza, nikamwambia aketi. Akasema na hilo bomba litakuwaje. Nikamwambia keti nalo. Wanawake wa landi walinipa jina la utani ambalo sitalitamka hapa, maana lilitaja sehemu ya mwili inayokalia kiti. Nilikuwa nikilisikia nikipita, nami nikainua kichwa juu zaidi.

Kisha kukaja Hali ya Hatari, siku zile za Mau Mau, na askari wakawa wanapita nyumba hadi nyumba kuangalia vipande, vile vitambulisho vya wakati ule, na kutafuta watu. Siku moja waliingia wawili kwangu, na bunduki. Wakageuza godoro, wakafungua sanduku langu, wakaona hakuna kitu. Mmoja akageuka kutoka. Nikasema, "Afande, keti kwanza." Alinitazama akafikiri nimerukwa na akili. Nikamwambia, "Umenipekulia nyumba, sikusema kitu. Sasa mimi nina neno langu moja. Keti, halafu uende." Yule mwenzake alikuwa mtu wa makamo, akacheka, akasema, "Wacha, huyu yuko kama mama yangu," akaketi kwenye kigoda, akasimama, akamsukuma mwenzake naye aketi. Habari hiyo ilizunguka landi nzima kabla ya saa sita. Mume wangu aliposikia alishika kichwa, akasema nitamfungisha. Mimi nilipika ugali nikaimba.

Basi nikapata mimba tena. Na mwaka huohuo reli ikamaliza kujenga nyumba mpya upande wa juu, za vyumba viwili, na jiko lake ndani, na mfereji wake mwenyewe! Tulikuwa tukienda kuzitazama Jumapili baada ya kanisa, tunachungulia madirishani. Mume wangu alizipenda mpaka akawa hali vizuri. Alikuwa ameandika jina kwenye orodha, na jina lilikuwa limepanda, kumebaki jambo moja tu. Bwana wa nyumba, yaani mzungu wa reli aliyegawa nyumba, angepita na karani wake kuwaangalia walioomba, anaishije huyu, ni msafi, si msafi, ana fujo, hana fujo. Akiandika vizuri kwenye daftari lake, umehama. Akiandika vibaya, utangoja mpaka meno yang'oke.

Nikajifungua mtoto wa kiume, mzima, sauti kubwa. Na siku ya bwana wa nyumba ikatangazwa. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Siku hiyo mtoto angekuwa na wiki tatu.

Mume wangu alijua ninachowaza. Usiku hakusema, asubuhi hakusema, mpaka alipomaliza chai. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama," akasema, "nakuomba kitu. Huyo mzungu hakai. Nimeuliza wenzangu wa loko, wote wanasema hakai. Anaingia, anatazama, anaandika, anatoka. Dakika mbili. Nakuomba umwache atoke."

Nikachukua kikombe chake nikaanza kukiosha.

"Siku moja tu. Nimetia mafuta injini za watu miaka saba. Sijawahi kuomba kitu. Nataka mtoto wangu alale kwenye chumba kisichoingia moshi wa jiko la barazani. Siku moja, mama."

Ilinichoma, kwa sababu alikuwa akisema kweli, na hakuwa mtu wa kuomba. Nikamwambia, "Nimesikia." Akafurahi, akadhani nimekubali.

Siku yenyewe niliamka kabla ya ndege. Nilisugua sakafu, nikaipaka rangi nyekundu, nikaing'arisha kwa kipande cha blanketi mpaka unaona meno yako. Sufuria zangu nilizisugua kwa majivu. Dirisha nilifuta mara tatu. Vumbi halikuthubutu kuingia siku hiyo, nakuambia. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akavaa suruali ya kanisani, akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Mimi nilimbeba mtoto mkononi, sikumfunga mgongoni, nilitaka kumwona.

Wakaja saa nne. Wanawake walikuwa wamejaa mfereji mzima, kila mtu ghafla ana nguo za kufua. Karani aliingia kwanza, kijana aliyetoka upande wetu, nilimjua kwa namna alivyotamka maneno. Kisha bwana wa nyumba. Mtu mnene kidogo, shingo nyekundu, soksi mpaka magoti. Akasimama karibu na mlango, mgongo karibu na ukuta. Palepale! Mahali palepale jirani yangu aliposimama.

Akatazama juu, akatazama chini, akainama akachungulia chini ya kitanda. Akauliza karani, karani akauliza mume wangu: watu wangapi, kazi gani, miaka mingapi. Mume wangu akajibu kama askari. Bwana wa nyumba akaandika. Nikaona uso wake umependezwa, akagusa sufuria moja kwa kidole akakitazama kidole chake, safi. Akafunga daftari. Akasema "Mzuri, mzuri sana," akageuka atoke.

Miguu yangu ilikwenda kabla yangu. Nilijikuta nimesimama mlangoni, mtoto kifuani, na kigoda nimekisukuma kwa mguu mpaka kimegonga kiatu chake.

"Bwana, keti," nikasema.

Mume wangu alitoa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Bwana wa nyumba alijua Kiswahili kile chao. Akasema, "Hapana. Mimi hapana taka kaa. Mimi nakwenda nyumba ingine."

"Utakwenda. Keti kwanza."

Uso wake ukaanza kuiva. Karani akaniambia haraka, kwa upole, "Mama, tafadhali, tuna nyumba tisa bado, mpishe bwana." Mume wangu akasema, "Nilikuomba. Si nilikuomba?" Na sauti yake ilikuwa ya kulia, nakumbuka mpaka leo. Nilijua navunja nyumba yake mbele ya macho yake, vyumba viwili, jiko, mfereji, vyote. Nilijua. Lakini mtoto alikuwa anapumua hapa shingoni kwangu, joto, na nilikuwa nimeshawahi kubeba mwingine aliyeacha.

Nikasema kwa sauti kubwa, mpaka kule mferejini: "Kijana wangu, mwambie bwana hivi. Mwambie nilizika mtoto. Alikuwa na wiki tatu kama huyu. Mtu aliingia akasimama hapo alipo yeye sasa, nikamwomba aketi akakataa, akaenda zake, na mtoto wangu akafa. Mwambie sitaki nyumba yake kama yeye hataki kiti changu. Mwambie hatoki."

Kule nje nilisikia maji ya mfereji tu yakimwagika. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo, miaka yote hiyo.

Karani alimwambia kwa Kizungu. Hakusema maneno mengi. Bwana wa nyumba alimtazama karani, akanitazama mimi, kisha akamtazama mtoto. Halafu akavua kofia, akaketi.

Aliketi, nakuambia! Hakugusa tu akainuka. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yake yakapanda mpaka karibu na kidevu, soksi zote nje, kofia juu ya magoti. Karani naye kuona hivyo akachuchumaa, akaketi sakafuni kwangu na suruali yake iliyopigwa pasi, juu ya rangi nyekundu. Bwana wa nyumba akanyoosha kidole, mtoto akakishika, unajua walivyo watoto. Kisha akainua uso akaniuliza, "Sasa mimi nakwenda?"

Aliniuliza mimi! Mzungu, mwaka huo, Nakuru, ananiomba ruhusa mimi ya kutoka! Nikampisha mlangoni, nikamwambia, "Nenda salama, bwana."

Wanawake walipiga vigelegele kama kwenye harusi. Mume wangu aliketi kitandani. Mimi nilitoka nje nikasimama barazani, mtoto juu, kila mtu anione. Sijawahi kuwa mrefu kama siku hiyo. Na katikati ya kelele hizo nikaona ndoo ya jirani wa mlango wa tatu iko chini ya mfereji, imejaa, inafurika, mwenyewe hayupo.

Alikuja kesho yake, wanaume wakiwa kazini. Alipiga hodi, hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, mikono imeshikana.

"Yule uliyemsema jana," akasema, "ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo miaka mingi. Maneno nilikuwa nayo mengi, makali, nimeyapanga.

"Miaka yote nilijua unajua," akasema. "Lakini nilidhani unajua lile jambo lenyewe. Jana ndiyo nimesikia kumbe hujui."

"Jambo gani?"

Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Siku ile nilikuwa na mimba ya miezi minne, sikuwa nimemwambia mtu. Ilinitoka alfajiri. Mume wangu alikuwa safarini Kisumu, niko peke yangu. Nilifunga leso mbili, bado damu inapita. Nikaona nije nikuombe chumvi niweke kwenye maji ya moto nijikande. Ukaniambia keti. Ningeketije, dada? Ningekuchafulia kigoda. Na kwetu mwanamke wa hali ile hakaribii mtoto mchanga, damu hiyo inamdhuru. Ndiyo maana nilijibana ukutani. Nilikuwa namkinga mtoto wako na mimi."

Nilikaa chini. Sijui kama ilikuwa kitandani au sakafuni.

"Halafu akafa," akasema, na sasa machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. "Nikajua ni mimi. Nilisema sikusimama mbali vya kutosha. Ningesimama nje. Ningemtuma mtu. Ulipoacha kuja kwangu nikasema ni haki yako. Na nilipokosa mtoto mwingine nikasema hiyo nayo ndiyo adhabu yangu. Nimekuja kukuambia kwa sababu jana ulisema sikuketi kwa kukataa. Sikukataa. Hilo tu."

Maneno yangu yote makali niliyatafuta, sikuyaona. Aliyekuwa amesimama mlangoni kwangu alikuwa amezika mtoto wake siku zilezile nilipozika wangu, nyumba tatu kutoka kwangu, bila mtu hata mmoja wa kumpikia uji. Nami nilikuwa nikimsalimia "Umeamkaje" kama mtu anayetema.

"Dada," nikasema mwishowe, "ilikuwa homa ya mapafu."

Akanitazama.

"Daktari alisema. Mapafu. Si wewe. Mimi nilijua siku zote ni mapafu, nilikuwa nataka mtu wa kumkasirikia. Nisamehe." Neno hilo kwangu halikuwa rahisi wakati ule, na hata sasa si rahisi. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Tulilia mpaka mtoto akaamka akalia pamoja nasi, tukaanza kucheka.

Mtu atauliza, basi kama ulishajua ni mapafu, mbona mpaka leo unatukalisha? Nitamjibu ashughulike na masharti yake. Mimi haya ni yangu, nimeyalea, na yamekalisha watu wakubwa kuliko yeye.

Baada ya wiki mbili mume wangu alirudi kutoka loko anakimbia, ovaroli na grisi zake, karatasi mkononi. Tumepata! Nyumba ya vyumba viwili, ya pili kutoka mwisho. Huyohuyo aliyesema nitamfungisha, sasa alikuwa akisimulia kule kazini kwamba mzungu aliketi kwake, akanywa chai. Chai gani? Nilimwacha asimulie. Alikuwa amengoja miaka saba.

Siku ya kuhama watu walikuja wengi kutubebea vitu, kitanda, sanduku, sufuria. Na nyumba mpya ina jambo lake. Yule wa kwanza kuvuka mlango ndiye anaifungulia bahati yake, nyinyi mnaojifanya hamjui mnajua. Kwa hiyo watu humtanguliza mzee wa kanisa, au mama aliyezaa watoto wengi na wote wako hai. Kulikuwa na mama wa namna hiyo landi, watoto tisa, na alikuwa ameshavaa kitambaa kipya cha kichwa, amesimama mbele ya mlango anangoja kuambiwa aingie. Mimi, na masharti yangu yote, nilikuwa nimeshindwa kulala siku tatu nikilifikiria jambo hilo.

Nikapita katikati ya watu. Jirani yangu wa mlango wa tatu alikuwa nyuma kabisa, na debe la makaa kichwani. Nikalishusha debe, nikampanguza vumbi la makaa kwenye leso yake begani. Nikamfungua mtoto mgongoni kwangu nikampa.

"Tangulia," nikamwambia.

"Mimi?" Alirudi nyuma hatua moja. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, unanijua nilivyo. Sina mtoto. Watu wanatazama. Na mtoto bado mchanga."

"Ndiyo nakujua," nikasema. "Ingia naye."

Wanawake walinung'unika, na yule mama wa watoto tisa akafyonza kwa nguvu nikamsikia. Jirani yangu alimweka mtoto vizuri kifuani, akamfunika miguu, akasimama kidogo mbele ya mlango. Kisha akainua mguu akavuka kizingiti, na sisi wengine tukamfuata.